Simu tuliyoichoka isiwe ndiyo zawadi ya nyumbani

Kila inapokaribia Desemba, hapa ughaibuni huanza kazi moja isiyo na mshahara, kazi ya kufunga masanduku. Mizani ya bafuni huletwa sebuleni, sanduku likapimwa, likapunguzwa, likapimwa tena, maana kilo zikizidi kidogo tu yule dada wa kaunta uwanjani hana utani. Ndani mna sabuni, vitamini vya wazee, viatu vya watoto, jezi za timu za Uingereza, na katikati ya soksi, zimeviringishwa kama mayai, mna simu. Moja ya shangazi, moja ya mdogo wetu aliyeanza chuo, na ya tatu ni ya yeyote atakayelalamika kwamba amesahauliwa.

Tuseme ukweli baina yetu, ndugu wasomaji. Simu hizo nyingi si mpya. Ni zile tulizozichoka. Mkataba umekwisha, kampuni imetupa nyingine, ile ya zamani tukaitia kwenye droo pamoja na funguo zisizojulikana za mlango gani, na siku ya safari tukaikumbuka. Tunaifuta kioo kwa shati, tunaitafutia chaja, na mara moja imekuwa zawadi. Sisi wenyewe tumefanya hivyo mara nyingi, kwa hiyo hatuandiki haya kumnyooshea mtu kidole. Tunaandika kwa sababu ya jambo lililompata mmoja wetu katika meza hii ya uhariri.

Alimpelekea shangazi yake wa Tanga simu aliyokuwa ameitumia kwa miaka kadhaa. Ilikuwa nzuri kwa kuitazama, haina hata mkwaruzo. Shangazi alifurahi, akaivalisha kava la maua, akaenda nayo kwenye kikoba ili wenzake wamwone mtu aliyekumbukwa. Kila Jumapili jioni wakawa wanaonana kwa video, shangazi akiuliza kama huko baridi imeanza na kama mtu anakula wali au anakula mikate tu. Miaka ikapita hivyo. Kisha Jumapili moja kukawa kimya, na ya pili, na ya tatu. Mwenzetu alidhani ni vocha, akatuma hela. Kimya. Mwishowe shangazi alipiga simu ya kawaida, kwa gharama yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Sina maneno mengi, salio lenyewe dogo. Nataka kukuuliza jambo moja tu. Nimekukosea nini?"

Kumbe ile programu ya ujumbe ilikuwa imegoma kufunguka. Ilitoa maandishi ya Kiingereza kwamba inahitaji toleo jipya, na simu yenyewe ilikuwa ya zamani mno kulipokea toleo hilo. Shangazi hasomi Kiingereza. Alimwonyesha kijana wa jirani, naye akamwambia kwa haraka haraka kwamba huenda amezuiwa. Mama wa watu akakaa wiki tatu akichambua maneno aliyoyasema, akitafuta ni lipi lililomuudhi mtoto wa kaka yake.

Ndiyo maana leo tunalisema waziwazi: simu iliyofikia mwisho wa maisha yake si zawadi. Ni mzigo tunaouhamisha kutoka kwenye droo yetu kwenda mikononi mwa mtu anayetuamini.

Tueleze kilichotokea, maana si uchawi. Simu ya kisasa ina sehemu mbili. Ipo ile tunayoishika, yaani kioo, betri na kamera. Na ipo ile isiyoshikika, yaani mfumo unaoiendesha, ambao kwa karibu simu zote za kisasa ni Android ya Google au iOS ya Apple. Kioo usipokiangusha kinaweza kudumu hata miaka kumi. Mfumo hauko hivyo. Kampuni iliyoitengeneza simu huutunza kwa miaka kadhaa, ikituma yale marekebisho yanayoingia usiku sisi tukiwa tumelala, halafu siku moja huacha. Simu haizimiki siku hiyo. Huendelea kupiga picha na kucheza muziki kama kawaida, na hapo ndipo tunapodanganyika.

Baada ya hapo wenye programu nao huanza kuitupa mkono. Mfano ulio wazi ni WhatsApp, ambayo ndiyo imekuwa ukumbi wa ndugu wote kutoka Leicester hadi Lindi. Januari 2025 iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android zenye toleo lililo chini ya 5.0. Mei 5, 2025 ikaacha kufanya kazi kwenye iPhone zisizoweza kufika iOS 15.1, na hapo iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus zikatoka mchezoni kwa siku moja. Fikirieni ni simu ngapi za aina hiyo zilizosafiri katika masanduku yetu. Zilikuwa zinawaka, zinapiga picha, zina kava zuri, lakini kwa mtu ambaye simu kwake maana yake ni kumwona mjukuu aliye Toronto, zilikuwa zimekufa.

Kukosa kuonana ni jambo la kuumiza, lakini kuna kubwa zaidi. Simu ya nyumbani siku hizi ni benki. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008, na wenzake wakafuata. Leo mtu wa Mbagala au wa Kisumu analipa ada ya shule, maji, umeme, na anapokea hela tunazomtumia, vyote katika kidude hicho kimoja. Wengi wetu hapa ughaibuni tungeona ni wazimu kuweka akiba ya mama kwenye kabati lisilo na kitasa. Lakini simu isiyopata tena marekebisho ya usalama ni kabati la namna hiyo.

Sababu yake inaeleweka vizuri ukipewa mfano. Katika kila mfumo wa simu hugunduliwa mianya, yaani makosa ya kiufundi ambayo mjanja anaweza kupenya. Agosti 2015 Google ilianza kutoa marekebisho ya usalama ya Android kila mwezi, na pamoja nayo hutangaza orodha ya mianya iliyozibwa. Ni kama mpiga mbiu apite mtaani akisema: milango ya nyuma ya nyumba za aina hii haifungi vizuri, wenye nyumba njooni mchukue makomeo mapya. Wenye nyumba mpya wanakwenda kuchukua. Mwenye nyumba ya zamani anaambiwa la kwako halipo, komeo la saizi yako hatutengenezi tena. Lakini mwizi naye alikuwa mtaani, na mbiu aliisikia.

Tusitie chumvi. Wizi mwingi wa fedha za simu nyumbani haufanywi na mabingwa wa kompyuta. Hufanywa kwa mdomo na kwa ujumbe mfupi. Nani asiyeijua ile ya "hela itume kwenye namba hii"? Au yule anayejifanya wa huduma kwa wateja na kukuomba neno la siri? Dhidi ya hao, dawa ni kumwelimisha mzazi na kumrudia mara kwa mara, wala simu mpya haitamwokoa. Lakini programu za hila nazo zipo, zinazojifanya michezo au mikopo ya haraka, na simu iliyoachwa bila matunzo ndiyo mlango wao mwepesi. Kama tunaweza kumwondolea mzee hatari moja kati ya mbili, kwa nini tumwachie zote?

Kuna na habari ya betri. Betri hizi za lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa na huchakaa zaidi kwa joto. Apple ilieleza kwamba betri za iPhone 14 na zile za kabla yake zilikusudiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 500 kamili, na ikaonya kwamba joto la hewa linalozidi nyuzi 35 linaweza kuiharibu betri moja kwa moja. Sasa chukua simu iliyochajiwa kila usiku kwa miaka minne mjini Birmingham, ipeleke ikakae kwenye dirisha la daladala au juu ya meza ya duka la bati mchana wa Februari. Wenzetu wa Muscat na Dubai wanalijua joto hilo vizuri zaidi yetu. Simu hiyo itakuwa inazimika saa nne asubuhi, na mwenyewe atazunguka nayo na chaja kama mgonjwa na dripu.

Halafu kuna makufuli. La kwanza ni la kampuni ya mtandao. Simu nyingi zilizonunuliwa kwa mkataba zilifungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine. Hapa Uingereza kampuni zilipigwa marufuku kuuza simu za namna hiyo tangu Desemba 2021, lakini zilizouzwa kabla ya hapo bado zimo katika madroo. Marekani walikuwa na lao: baadhi ya simu za zamani za mitandao ya CDMA hazikuwa hata na pa kuweka laini, na mitandao mikubwa ilipozima mawimbi ya 3G mwaka 2022, zikabaki mapambo. Ndugu yetu wa Morogoro akiletewa moja ya hizo, hana la kufanya nayo zaidi ya kujitazamia kwenye kioo chake.

Kufuli la pili ni la akaunti. Apple walilileta na iOS 7 mwaka 2013, na Google wakaleta la kwao na Android 5.1 mwaka 2015. Lengo lake ni zuri, kwamba simu ikiibwa isimfae mwizi. Lakini nasi wenye nayo halali hujisahau. Tunaifuta simu uwanjani kwa haraka, bila kwanza kuiondoa kwenye akaunti yetu, na mpokeaji akiiwasha inamdai neno la siri la mtu aliye bara jingine, ambaye naye amelisahau. Fundi wa mtaani atasema ataifungua kwa bei fulani. Wakati mwingine anaifungua, wakati mwingine anaiharibu, na mara zote hela ya ufunguzi inatoka mfukoni mwa yule tuliyedhani tunamsaidia.

Na tusilinyamazie la simu za bei ya kutupa zinazouzwa vichochoroni. Simu iliyoibwa hapa Uingereza hufungiwa kwa namba yake ya utambulisho, ile IMEI yenye tarakimu 15, isifanye kazi kwenye mitandao ya humu. Ndipo wajanja huitafutia mtu anayesafiri. Anayeinunua kwa ajili ya kumpelekea mdogo wake anajua moyoni kwa nini ilikuwa rahisi hivyo. Nyumbani nako mambo yamebadilika: Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, na Tanzania ikafanya hivyo usiku wa Juni 16, 2016. Watu waliamka na simu zilizonyamaza, na baadhi yao walikuwa wameletewa zawadi.

Tunajua yupo msomaji anayetingisha kichwa sasa hivi. Atasema: nyinyi wahariri mmeshiba. Mitumba ndiyo iliyotuvisha, magari yaliyotumika ya Japani ndiyo yanayotubeba, leo mnatuambia tusipeleke simu iliyotumika? Kuna vijana waliosoma chuo kwa kompyuta ya mkononi iliyotoka kwa mjomba wao wa Minnesota. Kuna mafundi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue wanaolisha familia kwa kufufua vilivyotupwa Ulaya.

Hoja hiyo ni ya kweli, na tunaiheshimu. Tena tunaiongezea nguvu: sehemu kubwa ya uchafuzi wa hali ya hewa unaotokana na simu hutokea wakati wa kuitengeneza, si wakati wa kuitumia. Kwa hiyo simu ikitumika miaka minane badala ya mitatu, dunia inapata nafuu. Hatusemi simu iliyotumika isiende nyumbani. Tunasema iende ikiwa bado ina miaka mbele yake. Gari la Japani linaponunuliwa kwa ajili ya Mombasa au Dar es Salaam, mtu huuliza mwaka wake, kilometa zake na hali ya injini. Hata mtumba wa nguo hukunjuliwa ukatazamwa kwapa. Ni simu peke yake tunayoipeleka bila kuuliza umri wake. Wahenga walisema cha kuvunda hakina ubani, na kava la maua halitaifufua simu iliyokwisha.

Tena tujiulize, ikishakufa huko inakwenda wapi? Hapa Uingereza duka kubwa la vifaa hupokea simu mbovu bila malipo, na halmashauri zina vituo vya kuzipeleka. Kwa walio wengi nyumbani, simu iliyokufa hukaa kabatini mpaka siku ya kufagia, kisha huingia kwenye taka pamoja na maganda ya ndizi, ikaishia Pugu Kinyamwezi au Dandora. Huko huchomwa ili kupata shaba kidogo, na moshi wake unavutwa na watoto. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Machi 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki mwaka 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa Afrika kiwango hicho hakikufika hata asilimia moja.

Wasomaji wetu wa Kolwezi na Lubumbashi watalisoma jambo hili kwa jicho jingine. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake inatoka katika ardhi ya hao ndugu zetu wanaosema Kiswahili. Kobalti hiyo huingia kwenye betri nyingi za simu. Inachimbwa na wenzetu, wengine kwa sururu na mikono mitupu, inakwenda viwandani Asia, inakuja kukaa miaka mitatu katika mfuko wa mtu wa London, halafu inarudi Afrika ikiwa taka. Faida kubwa imebaki njiani. Sisi tulio ughaibuni hatukuuanzisha mzunguko huo, lakini ile hatua yake ya mwisho, ya kuirudisha, mara nyingine tunaifanya kwa mikono yetu na kwa tabasamu.

Hatuwezi kuwaacha wenye makampuni. Miaka mingi walituzoesha kwamba simu ya miaka mitatu ni kikongwe. Mambo yameanza kubadilika. Oktoba 2023 Google iliahidi miaka saba ya marekebisho kwa simu yake ya Pixel 8, na Januari 2024 Samsung ikaahidi miaka saba kwa Galaxy S24. Umoja wa Ulaya ukaweka sharti, kuanzia Juni 20, 2025, kwamba simu zinazoingizwa sokoni humo zipate marekebisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano tangu aina hiyo inapoacha kuuzwa na mtengenezaji, na vipuri vyake vipatikane kwa miaka saba. Hizo ni habari njema. Lakini kwa maoni yetu hazitoshi, kwa sababu simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa mpya katika maduka ya Afrika Mashariki hupata matunzo ya muda mfupi zaidi, wakati ndizo zinazobeba akiba za watu. Kama miaka mitano inawezekana kwa mnunuzi wa Paris, kwa nini isiwezekane kwa mnunuzi wa Mwanza? Vyombo vya udhibiti vya nchi zetu vina uwezo wa kuuliza swali hilo kwa sauti moja, na kampuni zitasikiliza, maana soko letu si dogo tena.

Serikali nazo zimeanza kusogea. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, inayowabebesha wazalishaji jukumu la kile wanachouza hata baada ya kuchakaa. Rwanda ina kiwanda cha kurejeleza taka za elektroniki huko Bugesera. Na tangu Januari 1, 2025, kwa mujibu wa marekebisho ya Mkataba wa Basel, taka zote za elektroniki haziruhusiwi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwa maandishi. Wenzetu wanaojaza makontena ya televisheni na kompyuta mbovu kwa jina la msaada, hilo linawahusu moja kwa moja. Simu tatu za kwenye sanduku hakuna afisa atakayezizuia, kwa hiyo hapo msimamizi ni dhamiri yetu.

Basi tufanyeje? Tunapendekeza mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji shahada.

Kwanza, uliza umri. Tafuta simu hiyo ilitolewa mwaka gani na kampuni itaitunza hadi lini. Miaka huhesabiwa tangu aina hiyo ilipotoka, si tangu wewe ulipoinunua. Kama imebakiwa na chini ya miaka miwili, isafirishe kwenda kwenye kituo cha kurejeleza, si nyumbani.

Pili, ifungue makufuli yote mawili ukiwa bado hapa. Omba kampuni ya mtandao iifungue, kisha itoe kwenye akaunti yako ndipo uifute. Tia laini ya kampuni nyingine uone kama inashika. Piga *#06# uione IMEI yake, uiandike mahali.

Tatu, badili betri kabla ya safari kama imechoka. Betri iliyovimba usiiguse, wala usiipandishe ndege. Na simu zenyewe zikae kwenye begi la mkononi, si katikati ya soksi kama tulivyozoea. Betri ya akiba, ile tunayoiita pawabenki, hairuhusiwi kabisa kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, na sheria hiyo ipo kwa sababu ya moto. Mnaotoka Marekani, soma maandishi madogo ya chaja. Ikiandikwa volti 100 hadi 240 itafaa, mradi upate plagi ya kuunganishia. Ikiandikwa 120 peke yake, umeme wa nyumbani utaiunguza.

Nne, pima uwezekano wa kutuma hela badala ya simu. Mara nyingi ile gharama ya kubadili betri, kufungua kufuli na kulipia uzito wa mizigo ingemwezesha mtu kununua simu mpya ya bei ya kawaida katika duka la mjini kwake, yenye dhamana, yenye fundi anayeijua, na yenye lugha aliyoichagua mwenyewe. Kwa mzee anayetaka kupiga, kupokea na kutoa hela tu, kitochi kipya chenye vitufe kinatosha, na huduma za fedha kwa kupiga namba za nyota na reli zinafanya kazi humo bila intaneti. Hakuna aibu katika kitochi. Aibu ni simu ya kioo inayozimika mtu akiwa katikati ya kulipa.

Tano, keti naye. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji haponi kwa kurushiwa simu mezani huku mgeni akiwahi harusi. Tenga jioni moja. Kama ni simu ya Android, weka mfumo kwa Kiswahili, maana Android ina Kiswahili ndani yake. Mfundishe kutofautisha ujumbe wa kampuni na wa tapeli. Mwambie siku simu ikigoma, asimsikilize kijana wa jirani, apige. Na tuirudie ile simu kila tukienda, kama tunavyoirudia dawa ya presha.

Turudi Tanga. Mwenzetu alimwomba shangazi radhi, akamtumia hela, na shangazi mwenyewe akaenda dukani na binti wa kikoba kuchagua simu. Alichukua ya bei ya kati, ya rangi ya samawati, na alimdai muuza duka risiti. Jumapili iliyofuata walionana. Swali la kwanza lilikuwa lile lile, kama huko baridi imeanza.

Lakini ile simu ya kwanza bado ipo. Imo kabatini, na kava lake la maua, chini ya kanga za sikukuu. Mwenzetu alipomuuliza kwa nini asiiondoe, alijibiwa kwamba zawadi ya mtoto haitupwi, na hata akitaka kuiondoa haijui pa kuipeleka. Mwaka huu mwenzetu anakwenda Tanga. Ametuambia kwamba akirudi, katika begi la mkononi kutakuwa na nafasi ya simu moja, ili airudishe mahali palipo na pipa la kuipokea. Tunadhani hiyo ndiyo safari ambayo simu nyingine nyingi tulizozipeleka zinastahili kusafiri.

Tunawatakia safari njema nyote mnaopanda ndege msimu huu. Salimieni wazee.